Maziwa ya Mama na Maradhi ya Mwana

Mbwa ni mnyama ambaye lugha yetu haimtendei hisani. Jina lake ni tusi kinywani mwa mwenye hasira, na maisha yake hutolewa kuwa mfano wa unyonge. Yamkini desturi hii ina sababu zake, walakini ina hasara moja: kilichodharauliwa hakichunguzwi, na kisichochunguzwa huelezwa kwa dhana. Nataka kunena juu ya maradhi ya tumbo ya watoto wa mbwa, maana ndani yake nimeona funzo juu ya mama, mwana na hukumu ya haraka.

Kwa maneno hatukupungukiwa. Kiswahili kina chango, minyoo mirefu ya mviringo. Kina tegu, mnyoo bapa wenye pingili. Tena kina safura, maradhi ya kuishiwa damu yaletwayo na mnyoo mdogo unaong'ata utumbo. Waliotunga maneno haya walisema juu ya miili ya wanadamu. Lakini mbwa naye ana chango wake, ambaye wataalamu humwita Toxocara canis; ana mnyoo wake wa safura, Ancylostoma caninum; na ana tegu wake, ampataye kwa kumeza kiroboto anapojikuna kwa meno.

Nyumbani petu, karibu na Muheza, palikuwa na jike aliyeitwa Tabu. Alizaa watoto saba. Yeye mwenyewe alikuwa mnene na manyoya yake yaking'aa, lakini watoto walipofika wiki ya tatu matumbo yao yalivimba kama ngoma, mbavu zikahesabika, wakaharisha, na mmoja akatapika minyoo myeupe iliyojikunja kama uzi. Wawili wakafa. Bibi mmoja jirani yetu, mwenye busara na umri, aliwatazama akasema, "Mjukuu wangu, maziwa ya mama huyu ni mabaya. Mtenge nao, ama watakwisha wote." Wengine walishauri Tabu auawe, kwa kuwa jike alaye uzazi wake kwa maziwa hana faida.

Bwana mifugo alipofika aliamkia, akasikiliza, kisha akajibu kwa adabu: "Bibi, umesema kweli, lakini si kweli yote."

Kweli yenyewe ni hii. Minyoo michanga ya chango hulala katika nyama ya mwili wa mbwa jike kwa muda mrefu, bila ya kumdhuru wala kuonekana. Achukuapo mimba, katika siku za mwisho huamka, ikapita katika kondo na kuingia katika watoto ambao hawajazaliwa. Mtoto huzaliwa nayo katika ini na mapafu. Hupanda kooni, akaimeza, ikakomaa utumboni. Mingine humfikia kwa maziwa, na mnyoo wa safura hupenda hasa njia hiyo ya maziwa. Huyu wa pili ni mkali zaidi: hunywa damu, ufizi ukawa mweupe na choo kikawa cheusi, na mtoto aweza kufa kabla yai moja la mnyoo halijaonekana katika choo chake.

Basi maziwa yalibeba maradhi, lakini hayakuwa mabaya. Ndiyo yaliyobeba pia chakula na kinga, na kuwanyima watoto wale kungaliwaua kwa njia nyingine. Kumpa maziwa ya ng'ombe mtoto wa mbwa mara nyingi humwongezea kuhara. Dawa ya minyoo ilitolewa kwa watoto na kwa mama pamoja, kwa kipimo cha uzito wa kila mmoja. Wanne walipona, wa tano, ambaye ufizi wake ulikuwa umekwisha kuwa kama karatasi, hakuiwahi dawa.

Kanuni ya utabibu wa wanyama ni kuanza mapema: mtoto apewe dawa afikapo wiki 2, kisha wiki 4, 6 na 8, na mama anyweshwe pamoja nao. Hurudiwa kwa sababu dawa za kawaida huua minyoo iliyo utumboni, si ile ilalayo katika nyama. Ndiyo maana mama yule yule huweza kuambukiza kila uzazi. Wala si kila kuhara ni minyoo. Tangu mwaka 1978 dunia imeijua parvo, maradhi ya virusi yanayoleta matapishi na kuhara damu. Hayo hayasikii dawa ya minyoo, na kinga yake ni chanjo.

Atakayesema kuwa haya ni mambo ya mbwa tu, na ayatazame macho ya watoto wetu. Mwaka 1950, Helenor Wilder wa Marekani alieleza minyoo michanga aliyoiona ndani ya macho ya watoto wa binadamu. Baadaye ikatambulikana kuwa ni chango wa mbwa. Mayai yake hukomaa udongoni kwa wiki mbili au zaidi, yakadumu hata miaka. Kwa hiyo kuzoa choo cha mbwa mapema, na kumnawisha mtoto aliyecheza mchangani, ni hisani kwa mbwa na kwa mtu.

Mama mzima aweza kumrithisha mwanawe maradhi asiyoyajua, kwa damu ile ile impayo uhai na kwa maziwa yale yale yamkuzayo. Ajabu hii haimfanyi kuwa mwovu. Tuonapo mwana dhaifu mbele ya mama mwenye afya, ulimi wetu huwa mwepesi kumhukumu mama, iwe katika banda la mbwa ama katika nyumba ya jirani. Hukumu haijapata kuua mnyoo hata mmoja. Anayetaka mwana apone, na amtibu pamoja na mamaye.