Kosa lilikuwa kwenye kikombe

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, wasomaji mniwie radhi. Leo sina habari za programu mpya, ingawa bila tarakilishi nisingeandika haya.

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa miaka minane kliniki kwa ajili ya kikohozi. Muuguzi akampima uzito na urefu, akaitazama chati, kisha akaniuliza, "Baba, huyu hunywa nini?" Nikajibu upesi: ugali, sukuma, maharagwe, chapati Jumapili. Akatikisa kichwa. "Nimeuliza hunywa nini."

Kazini, programu ikinipa majibu mabaya huwa sibahatishi. Nafuatilia kila kinachoingia. Basi usiku ule nikafungua lahajedwali. Chai ya asubuhi, vijiko vitatu vya sukari. Juisi ya pakiti ya kubeba shuleni, mililita 200: lebo yasema gramu 11 kwa kila mililita 100, yaani gramu 22, au vijiko vitano na nusu. Chai ya jioni, vitatu tena. Jumla gramu 46, na hapo hajagusa soda ya wikendi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hii, hata ile ya juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayetumia kilokalori 1600, hiyo ni gramu 40. Na juisi yenyewe mimi ndiye niliyekuwa nikiinunua kwa katoni, nikijisifu kwamba simzoeshi soda!

Nikajitetea: mtoto anakua, acha anywe. Ndipo nikakutana na jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2012, ambalo mtengeneza programu yeyote atalipenda. Watoto 641, wengi wao wa uzito wa kawaida, walipewa kinywaji kimoja cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18. Nusu yao walipata chenye sukari gramu 26, nusu kisicho na sukari, ladha ikifanana, na hakuna aliyeambiwa anapewa kipi. Waliokunywa kisicho na sukari waliongezeka wastani wa kilo 6.35. Wale wengine, kilo 7.37. Tofauti ya kilo moja, kwa kikombe kimoja tu! Sukari iliyo kwenye maji haishibishi kama chakula. Mtoto huinywa kisha akala sahani yake yote kama kawaida.

Sasa anabeba maji shuleni, na chai imeshuka hadi kijiko kimoja. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Mama yake alishika msimamo kuliko mimi, nakiri.

Jumamosi iliyopita akaja mezani kwangu nikiandika msimbo, akaelekeza kidole kwenye chupa ya nusu lita kando ya kibodi. "Na hiyo yako, baba?"

Gramu 53. Vijiko kumi na vitatu. Nimeongeza safu yangu kwenye lahajedwali, na yeye ndiye anayeijaza.