Maji Yalituonyesha

Sisi ni ndugu watatu tuliolelewa katika nyumba moja hapa Kolwezi. Tunasema "sisi" kwa kuwa jambo hili tulilitenda pamoja, tukalificha pamoja, na hatimaye tukaliungama pamoja.

Mjomba wetu alipohamia Lubumbashi alituachia tangi kubwa la kioo la kufugia samaki, pamoja na meza yake ya chuma. Urefu wake ni sentimita 150, upana 50 na kimo 50. Likijaa huchukua lita 375, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, sakafu hubeba kilo 375 kabla hatujahesabu kioo, mchanga na chuma. Tuliliweka sebuleni, kando ya ukuta wa chumba cha Bibi, tukalijaza jioni moja kwa haraka. Jumuiya ya mtaa ingekuja kusali kwetu Jumapili, nasi tulitaka wageni wawakute samaki wa Ziwa Tanganyika wakiogelea.

Asubuhi Mama ndiye aliyeona. Upande wa kulia maji yalikaribia kufurika, na upande wa kushoto yalikuwa chini ya ukingo kwa sentimita mbili. Tukafunika ukingo kwa kitambaa.

Baada ya sala, mzee mmoja jirani yetu, fundi mwashi, alikiinua kitambaa kile. Akasema kwa upole, "Wanangu, maji hayajui kuinama. Kilichoinama ni chombo."

Alikubali kutufundisha. Kwanza, tangi lililojaa halinyanyuliwi wala halisukumwi, hutolewa maji. Kisha pimamaji huwekwa juu ya meza kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe. Mwinamo mdogo wa upande mmoja kioo huweza kuuvumilia. Hatari kubwa ni meza kujipinda, miguu mitatu ikikanyaga na wa nne ukielea, kwa maana kioo nacho hulazimika kujipinda, na gundi ya silikoni kwenye pembe huanza kuachia. Kabari huwekwa chini ya miguu ya meza, kamwe si chini ya kioo, maana kioo kikikalia kitu kidogo uzito hukusanyika mahali pamoja. Mwisho, maji hutiwa kidogo kidogo, na kila mara hupimwa tena.

Tulifuata yote, na tangi likakaa sawa. Lakini mvua za Novemba zilipokolea, upande wa kulia ulishuka tena.

Mzee alirudi na mpira mwembamba wa maji unaopenya mwanga. Aliujaza maji, akahakikisha hauna povu la hewa ndani, akashika ncha moja huku sisi tukishika nyingine. Maji katika ncha mbili za mpira husimama kwa kimo kimoja, hata kama sakafu iko vipi. Tukaweka alama ukutani kwa penseli, kisha tukapima kutoka alama hadi sakafuni. Pembe ya chumba cha Bibi ilikuwa imezama kuliko pembe nyingine zote. Mzee akatutazama. "Meza mmekwisha kuisawazisha. Sasa semeni, chini ya hapa kuna nini?"

Tulinyamaza, kwa kuwa tulijua.

Mnakumbuka habari za Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba katika kiwanja chake akakuta madini ya kobalti, na muda si mrefu watu wakawa wanachimba mashimo ndani ya nyua na hata ndani ya nyumba zao. Habari hizo zilituwasha nasi, ingawa mtaa wetu ni mwingine. Mama alipokwenda kijijini kwa mazishi, tulichimba nyuma ya nyumba, tukaingia kwa mlalo hadi chini ya ukuta. Hatukupata kitu. Tukafukia kwa udongo mtupu na takataka bila kuushindilia, tukapanda migomba juu yake. Kwa miaka mingi Bibi alilala juu ya udongo ule, na kila mwaka mvua iliushusha kidogo.

Jioni ile tulimweleza Mama, kisha Bibi. Mama alilia. Bibi aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mkiniamkia kila asubuhi mkijua?" Hatukuwa na jibu.

Usiku uleule tulihamisha kitanda chake na kumwaga maji ya tangi. Tulitumia karibu mwezi mzima kufukua shimo, mzee akisimamia, na kulijaza upya kwa mawe na udongo mwekundu, tabaka baada ya tabaka, kila moja likishindiliwa. Bibi hakurudi chumbani kabla mzee hajapima mara tatu.

Leo tangi limesimama. Kila Jumamosi mmoja wetu huangalia mstari wa maji, na Bibi huja kuuangalia mwenyewe baadaye.

Ndugu vijana, tuliona ni rahisi kuongeza kabari kuliko kusema ukweli. Kama kuna shimo mlilolifukia vibaya, na juu yake analala mtu anayewaamini, msisubiri mvua. Mwambieni leo.