Bibi Akae Katikati

Chumba cha kupanga hakimpi mpiga picha nafasi ya kurudi nyuma. Mgongo wake ukishagusa ukuta, basi. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, akiwa mita 3 kutoka kwa jamaa, atapata upana wa mita 2 na ziada kidogo, na wajomba watabaki nje. Lenzi ya milimita 20, papo hapo aliposimama, hukusanya zaidi ya mita 5.

Ninayo moja ya aina hiyo, Flektogon iliyotengenezwa Jena, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Ni kuukuu, nayo hairekebishi masafa yenyewe. Ni kazi ya jicho na mkono. Hilo lisikutishe. Funga tundu la mwanga hadi namba 8, weka pete ya masafa karibu na mita 1.7, na kila kitu kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho kitatoka dhahiri.

Lakini upana huo una gharama. Lenzi hizi huziacha kuta zilizonyooka zibaki zimenyooka, na gharama hulipwa na vitu vya mviringo vilivyo pembeni: kichwa kilichoko ukingoni kabisa hutanuka kwa theluthi moja hivi. Si kasoro ya kioo. Ndivyo ilivyo kuitandaza dunia juu ya karatasi bapa.

Mpiga picha tuliyemkodi siku ya harusi ya dada yangu hakulijali hilo. Bibi yetu, kwa unyenyekevu wake, alijiketia mwisho wa mkeka, naye akamwacha papo hapo. Ndiyo picha pekee tuliyomo sote, na bibi hayupo tena. Vitukuu waliozaliwa baadaye huuliza kama kweli alikuwa na mashavu mapana vile. Hakuwa nayo. Alikuwa mwembamba, mwenye uso mrefu kama wa mama yangu, na kila mara sharti nieleze.

Kwa hiyo ukiazima lenzi ya namna hii, mwondoe mzee pembeni hata akikataa. Huko weka kabati, mlango, au kijana asiyejali sura yake. Kamera isielekezwe juu wala chini, la sivyo kuta zitaonekana kama zinaanguka. Hesabu vichwa, na kabla hujabonyeza, mwambie bibi asogee tena kidogo.