Faili la Waziri, Faili la Mzee

Kongamano letu la Tabora linahusu njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji. Kila mzungumzaji ana faili lake la maandishi matupu: jina, mada, siku, saa. Programu fupi huyasoma mafaili hayo na kutoa ratiba pamoja na ukurasa wa kila mmoja. Saa ikirekebishwa failini, kurasa zote hufuata.

Katika mji huu, Januari 1958, TANU iliridhia uchaguzi wa kura tatu. Tunamtaja Nyerere, na Mtemvu aliyejitenga. Wajumbe wengi waliobishana siku zile hatuwataji. Ndiyo maana mzee wetu wa Kwihara, kitukuu wa mpagazi wa Kinyamwezi, ana ukurasa sawa na wa waziri. Watu wa itifaki wamenung'unika. Atazungumza Jumamosi, saa tatu asubuhi.