Greensburg, Mji Ulioezuliwa na Kujengwa Upya

Akina mama wenzangu, nilipokwenda Marekani kumwuguza binti yangu aliyejifungua mjini Wichita, mkwe wangu alinipeleka siku moja Greensburg, mji mdogo wa wakulima wa ngano katika jimbo la Kansas. Ni karibu saa mbili kwa gari, mashamba mpaka macho yanachoka.

Usiku wa Mei 4, 2007, kimbunga chenye upana wa kilometa 2.7 hivi kiliupitia mji huo na kuharibu asilimia 95 yake. Ving'ora vilikuwa vimelia mapema, watu wakateremka kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Ndiyo maana wengi walipona.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilitaka kuona hospitali kwanza. Ile ya zamani ilibomoka, wahudumu wakafanya kazi kwenye mahema, kisha kwenye majengo ya muda, hadi ilipofunguliwa mpya mwaka 2010. Inatumia mwanga wa jua kadiri iwezekanavyo, na maji ya mvua hukingwa kwa ajili ya vyoo. (Hapo nilicheka. Mama yangu alikinga mvua kwa pipa tangu sijazaliwa.) Mwaka ule ule wa kimbunga viongozi wa mji waliamua kwamba majengo yao makubwa yajengwe kwa kiwango cha juu cha kubana umeme na maji. Mitambo 10 ya kufua umeme kwa upepo ikasimamishwa nje ya mji.

Lakini si wote waliorudi. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 1,574. Ya mwaka 2010, watu 777. Wazee wengi hawakumudu gharama za nyumba mpya. Kati ya nyumba nzuri nilipita viwanja vyenye nyasi tu, nikajiuliza bibi wa pale alikwenda kwa nani.

Njiani kurudi nilikuwa kimya. Zahanati ya kijijini kwetu iliezuliwa na upepo, nasi tukapigilia mabati yale yale juu ya kenchi zile zile. Msimu uliofuata yakang'oka tena, nikiwa na mama anayejifungua mezani. Tulimfunika mtoto kwa kanga yangu.

Niliporudi nyumbani niliwaeleza kina mama wa kanisa. Tumeanza kuchanga fedha za mikanda ya chuma ya kufungia kenchi ukutani. Fundi anataka kuanza kabla ya masika.