Tulikwenda Kupiga Picha za Treni



Juma lililopita tuliwaahidi habari ya siku yetu ya reli. Wengi mlicheka. Mmoja alituuliza kama tumekosa kazi, wamama wazima kukaa kutwa kuangalia treni ya mizigo. Basi someni, halafu mtuambie.

Chanzo ni mtoto. Mtoto wa mwenzetu, wa miaka tisa, alimwuliza mama yake: "Mama, treni inapeleka wapi vitu vyetu?" Mama akajibu, "Mbali." Mtoto akasema, "Mbali ni wapi?" Mwenzetu alilileta swali hilo mkutanoni, tukabaki kutazamana. Wengi wetu tumezaliwa karibu na reli hii, wengine tumeolewa karibu nayo. Honi yake inatuamsha, moshi wake unaingia kwenye nguo tulizoanika. Lakini hakuna aliyeweza kumjibu mtoto yule vizuri. Tukapanga twende tukaangalie kwa macho yetu, na tupige picha za kuwaonyesha watoto wote wa kikundi.

Kwanza tuliomba ruhusa. Mnajua kwetu picha ya stesheni au ya mgodi inaweza kukuletea maneno. Mama mwenyekiti alikwenda kumwona mkuu wa stesheni siku tatu kabla. Alitukubalia kwa masharti: tupige picha za treni tu, tusipige askari, tusipige nyua za migodi, na tusisimame juu ya njia. Akatutafutia na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli atuongoze. Sisi tulimwita Papa, na hapa pia tutamwita hivyo.

Tulitoka siku ya tano, saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwa wamama saba na watoto watatu. Mnajua baridi ya Kolwezi mwezi wa saba: tulijifunika vitenge viwili viwili, watoto wamevaa kofia. Tulibeba mikate, chupa za munkoyo, mkeka, na simu mbili zenye kamera nzuri.

Papa alianza kwa kutufundisha adabu ya reli. Simama mbali, hatua kumi au zaidi. Usivuke nyuma ya treni iliyosimama, maana inaweza kurudi nyuma ghafla. Usimwache mtoto atembee juu ya chuma akijaribu kama ataanguka. Treni yenye mzigo haisimami kama pikipiki. Dereva akikuona na kufunga breki, bado itakufikia. Na waya wowote ulio juu ya reli uhesabu kuwa una umeme. Njia ya kutoka Tenke hadi hapa iliwekewa umeme miaka ya 1950, na nguvu yake ni volti 25,000.

Pale stesheni, kwenye njia ya pembeni isiyotumika, mwenzetu mshonaji alitoa futi yake ya kushonea. Alitaka kupima kutoka chuma hadi chuma. Papa akacheka, akamshikia upande wa pili. Ilitoka sentimita mia moja na sita na nusu, na kidogo. Papa akasema, "Milimita 1,067, mama. Umepima vizuri." Akaeleza kwamba kipimo hicho ni kile kile Angola, Zambia na Afrika ya Kusini. Ndiyo maana behewa linaweza kutoka hapa likafika bahari ya huko bila kushusha mzigo. Hapo mtoto wetu alipata nusu ya jibu lake.

Halafu tukangoja. Wamama, kuangalia treni ni kungoja! Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Tuliona mbuzi, baiskeli zenye magunia ya makala, wanafunzi walio likizo. Huko barabarani malori yalikuwa hayaishi. Tuliwapa watoto daftari, kila lori la madini kijiti kimoja. Walipofika vijiti arobaini na moja wakachoka, na treni hata moja ilikuwa bado.

Wakati huo Papa alitusimulia. Reli hii ni mkubwa wa mji wetu. Mwaka 1931 njia ya kutoka Tenke iliungana na reli ya Angola kule Dilolo, ikapata mlango wa bahari ya Lobito. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937. Kwa hiyo treni ilikuwa inapita hapa kabla ya nyumba zetu, kabla ya soko, kabla ya shule. Shaba ilikwenda Lobito kwa miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata njia. Shaba yetu ikabaki kuzungukia kusini na mashariki, safari ndefu. Vita vile viliisha mwaka 2002, reli ya Angola ikajengwa upya, na mwaka 2015 ikafunguliwa hadi Luau, ng'ambo ya Dilolo. Mwaka 2018 manganizi ya Kisenge ikapita tena kwenda baharini. Mwisho wa mwaka 2023 walijaribu shaba: tani 1,110 hivi ziliondoka Kolwezi tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili, zikafika Lobito tarehe 31. Siku nane, kwa njia ya kilomita 1,739. Lori linalokwenda Durban linafanya karibu kilomita 3,000, na mipaka njiani.

Yule mtoto aliyeuliza alikuwa amekaa kimya. Akauliza tena: "Na ikifika baharini?" Papa akamwambia inapanda meli, inakwenda kuwa nyaya za umeme na betri za magari katika nchi za watu. Kobalti ya dunia zaidi ya nusu inatoka nchi yetu, na nyingi inatoka huku kwetu Lualaba. Mtoto akatazama nyumba zilizo mbele yetu, akauliza kwa nini basi kwao taa haziwaki. Papa hakujibu. Na sisi hatukujibu.

Saa nne na nusu, honi. Treni ya kwanza ilitoka upande wa Tenke, kichwa cha dizeli kikivuta matangi ya mafuta na mabehewa yaliyofunikwa turubai. Wote tulisimama kwa pamoja, tukapiga picha ovyo. Tulipoziangalia, moja ilionyesha kidole, nyingine mgongo wa mwenzetu, nyingine jua tupu. Binti wa miaka kumi na sita tuliyekuja naye alituambia, "Bamama, msifuate treni kwa mkono. Shikeni simu pamoja, mgeuzie jua mgongo, mpige kabla haijawafikia." Tangu hapo yeye ndiye alikuwa mwalimu, na wadogo wakamwita Yaya Foto.

Tulikula. Tulilala kidogo kwenye mkeka, kwa zamu. Kwenye saa nane mchana ilikuja treni ya pili, inayokwenda magharibi, upande wa Mutshatsha, Kasaji na Dilolo. Ilikwenda polepole. Safari hii tulikuwa tayari: simu zimenyooshwa, jua mgongoni. Kichwa kikapita, behewa la kwanza, la pili, la tatu. Halafu tukaona watu.

Walikuwa juu ya mizigo. Vijana kadhaa, mzee mmoja na baiskeli yake iliyofungwa kwa kamba, na wamama. Mmoja wao alikuwa amekaa juu ya magunia, mtoto mgongoni, miguu ikining'inia pembeni. Alipoona simu, alivuta kitenge akafunika uso wa mtoto, halafu uso wake. Yaya Foto alishusha simu peke yake, hakuna aliyemwambia. Treni ikapita. Vumbi likatulia. Hatukusema neno kwa muda.

Mmoja wetu ndiye aliyeanza. Akasema hawa watu hawana akili, anapandaje na mtoto mchanga? Hapo mwenzetu mwingine, mtulivu ambaye mkutanoni huwa hasemi, akajibu.

"Usimseme, mama. Mimi nilipanda miaka mitatu. Nilikuwa nanunua mahindi na mihogo kule ndani, bei ni nusu ya hapa. Treni ya abiria unaweza kuingoja majuma. Lori lilikula faida yote. Juu ya mizigo unatoa kidogo, unasafiri. Watoto wangu wanne walisoma kwa makuta yale. Na kila usiku nilijifunga kwa kitenge kwenye kamba, ili nikisinzia nisianguke."

Tulimwuliza kwa nini aliacha. Akataja Buyofwe.

Wengi mnalikumbuka jina hilo. Ni kule Lubudi, kwenye njia inayopanda kwenda Kamina. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 2022, treni ya mizigo ilianguka bondeni hapo. Ilikuwa imebeba watu mamia waliopanda juu ya mizigo. Hesabu iliyotangazwa ilifikia watu 75 waliokufa na zaidi ya mia waliojeruhiwa, na kati yao wamama na watoto. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2017, kwenye sehemu hiyo hiyo, treni ya matangi ya mafuta ilianguka ikawaka, watu zaidi ya thelathini wakafa. Mwenzetu alisema yeye hakuwa kwenye treni ile ya 2022. Alikuwa nyumbani anafunga magunia kwa safari ya juma lililofuata.

Papa alitikisa kichwa. Alituambia behewa la mizigo halina mahali pa kushika mtu. Mzigo ukihama kidogo kwenye kona, aliye juu yake anakwenda nao. Na behewa likianguka, walio juu ndio wanaobaki chini.

Ya tatu hatukuingoja. Tulirudi saa kumi.

Nyumbani kwa mwenyekiti tulizipitia picha. Zilikuwa zaidi ya mia, zilizofaa ni kumi na nne. Kuna moja nzuri sana ya kichwa cha treni kikitoka kwenye vumbi jekundu. Kuna ya futi ya kushonea juu ya chuma, na mikono miwili ikiishika. Na ilikuwepo moja ya mama yule, iliyopigwa kabla hajafunika uso. Tulibishana. Wengine walisema ibandikwe, watu waone. Mwenzetu aliyewahi kupanda akasema, "Hakuwapa ruhusa. Shefu wa stesheni mlimwomba, yeye hamkumwomba." Tuliifuta.

Lakini jambo lenyewe hatukulifuta. Siku ya posho tulikutana tukakubaliana haya, na tunawaomba mtoe mawazo yenu.

Kwanza, wenye kununua mahindi na mihogo upande wa Mutshatsha na Kasaji waandikishe majina kwa mama mweka hazina. Tukifika kumi, tutakodi lori moja kwa pamoja. Likelemba ya mwezi ujao itatanguliza pesa, kila mmoja atarudisha akisha kuuza. Faida itakuwa ndogo kuliko ya juu ya treni. Tulipiga hesabu mbele ya wote, hatukuficha.

Pili, tunaandika barua kuomba mabehewa ya abiria yafungwe mara kwa mara kwenye treni zinazokwenda Dilolo. Atakayetaka kutia sahihi aje na kadi yake. Asiyejua kuandika atie kidole.

Tatu, kila mama aseme na watoto wake juu ya reli: hatua kumi, tusitembee juu ya chuma, tusidandie.

Picha kumi na tatu zitabandikwa ukutani mwa chumba cha mkutano siku ya posho inayokuja, saa nane. Papa atakuwepo kuwajibu watoto. Yule mtoto wa miaka tisa ameomba yeye ndiye aeleze ramani, kutoka Kolwezi hadi Lobito. Ameichora mwenyewe, na nyumba yao ameiweka kando ya reli, na taa imewaka.

Njooni na viti, vyetu havitoshi.