Chombo Kilichotupita Umri

Tangu tulipohamia katika chombo chetu bandarini Kalemie, majirani hawaachi kutuuliza: "Mlipata wapi fedha za kununua meli?" Kwanza, si meli. Ni mashua ya chuma yenye injini, urefu wake mita 12, yenye vyumba viwili vya kulala, jiko dogo na kibanda cha msukani. Iliundwa zamani kwa matembezi ya watu wenye nafasi, nasi, mume na mke, tulikuwa hatujazaliwa bado. Pili, habari ya fedha ni fupi. Habari ndefu ni ile tuliyofundishwa na chuma hicho kizee.

Mwaka 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za ufukoni, na yetu ilikuwa mojawapo. Tukahamia kwa ndugu, watu saba katika chumba kimoja: sisi wawili, watoto wanne na bibi yao. Tulibakiwa na kiwanja kidogo mlimani na akiba ya biashara yetu ya ndagala. Tukafanya shauri: tukiuza kiwanja na kununua chombo, tutapata pa kulala, tena tutabeba wenyewe mizigo yetu ya Moba, badala ya kulipa nauli kila safari. Bibi aliposikia alinyamaza siku nzima. Jioni akanena: "Wanangu, maji yamewanyang'anya nyumba, nanyi mwataka kulala juu yake?"

Siku tuliyokwenda kukiona chombo, kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, kinang'aa kama bibi arusi. Baba wa nyumba akakipenda papo hapo. Mwenye kuuza, mtu mzima mwenye maneno ya adabu, alitaka nusu ya bei jioni ile ile, kwa kuwa, alisema, mnunuzi mwingine yu njiani. Mkono wa baba ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni. Ndipo mama aliponena: "Baba Kristina, tukinunua mbuzi twamfunua kinywa tuone meno. Huyu mbona twamtazama ngozi tu?" Baba akaona haya mbele ya mgeni. Fedha haikutolewa, lakini usiku ule hatukusemezana.

Kesho yake tukamwendea fundi mzee wa kuunga vyuma. Yeye alitaka kwanza chombo kipandishwe nchi kavu. Akachukua nyundo ndogo, akakigonga ubavu kwa ubavu, sikio lake likiwa karibu. Penye chuma kizima nyundo ililia kama kengele. Penye kutu ililia kama kugonga kibuyu. Kisha akainua mbao za sakafu, akaingia katika ngama, ndilo shimo la chini linalokusanya maji. Watu wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huko ngamani tulikuta mabati matatu yameliwa na kutu hata kidole kingeweza kuyabonyeza, na juu yake rangi mpya! Kama tungalilipa jioni ile, kiwanja chetu kingalilala chini ya ziwa lenye kina cha mita 1,470. Baba akamgeukia mama, akasema: "Mama Kristina, umetuokoa." Neno hilo lilimaliza ugomvi. Bei ikashuka hata nusu, nasi tukanunua tukijua tunachonunua.

Huenda mtasema: kwa nini kununua kitu kizee hivyo? Fundi yule alitujibu kwa habari ya meli Liemba, inayojulikana katika ziwa lote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hata Kigoma, nayo iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo miaka mingi sana. "Mwaona," akasema fundi, "umri hauui chuma. Kinachokiua ni kuachwa bila mtunzaji."

Matengenezo yalichukua miezi mitano. Mabati mabovu yalikatwa, mapya yakaungwa. Nyaya za umeme zilizochakaa ziling'olewa zote. Injini ikatufundisha desturi zake. Hupozwa kwa maji ya ziwa yavutwayo na pampu, na majani yakiziba mdomo wa bomba, huchemka mara moja. Kwa hiyo kila alfajiri ya safari Kristina hupima mafuta na kusafisha chujio. Injini ikiisha kuwaka, hutazama kama maji yatoka nyuma. Mazutu inunuliwayo kwa mapipa mara nyingi ina maji na uchafu. Twaiacha itulie usiku kucha, kisha twaichuja kwa kitambaa.

Kuhamia nako kulikuwa na kazi yake. Rafu zilipigwa ukingo ili sahani zisianguke wimbini, na kila kitu kikapewa mahali pake, kwa maana chomboni kitu kilichopotea ni kitu kinachokanyagwa. Bibi alipokuja, kwanza alileta mbabula yake chumbani apate kupika na kuota moto. Tukamwomba kwa heshima aitumie nje tu, kwa sababu hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini, nao hawasikii harufu yoyote. Alinung'unika kidogo, akakubali.

Amri kubwa ya mama ilikuwa hii: mtoto asitoke chumbani bila kuvaa jaketi la kuokoa, hata chombo kikiwa kimefungwa gatini. Baba alicheka: "Hata hapa bandarini?" Wiki ya tatu, jioni, mdogo wetu wa miaka mitano aliteleza akaanguka kati ya gati na chombo. Tulisikia kishindo, kisha kimya. Tulipofika tulimwona anaelea, uso juu, macho wazi, nguo yake ya rangi ya machungwa ikionekana gizani. Baba alimvuta kwa mshipi wa jaketi. Tangu siku ile yeye ndiye wa kwanza kuyahesabu majaketi, na hakuna anayecheka.

Safari yetu ya kwanza ya Moba ilikuwa wakati wa kiangazi, majira ambayo upepo wa kusini hupiga kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Tulingoja siku mbili. Wengine walitudhihaki, lakini hatukuwa na tajiri wa kumwogopa, tulikuwa na watoto wa kuwafikisha. Siku ya tatu ziwa likatulia, tukaondoka. Mbele ya chombo tulimkuta bibi ameketi na jaketi lake, anawaonyesha wajukuu milima, naye akasema: "Nyumba hii maji yakipanda, nayo itapanda."

Basi, ninyi jamaa mnaotaka kununua chombo, pikipiki au nyumba ya zamani, msione haya kukagua, wala mke asione haya kusema, wala mume kusikia. Rangi mpya isiwadanganye. Shukeni ngamani kwanza. Na mkiisha kununua, tunzeni kila siku, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ziwani ukuta haujengeki.